Maswali ya Wasomaji: Gofu ya Ufukweni na Uwanja wa Kale wa St Andrews

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu jambo moja, nalo ni kucheza gofu kwenye viwanja vya linksi, yaani viwanja vilivyotandazwa juu ya matuta ya mchanga kando ya bahari, na hasa uwanja wa Old Course wa mji wa St Andrews, Uskoti. Baadhi ya barua zimefupishwa.

SWALI: Mwalimu, natumaini u mzima. Mimi hucheza kwenye uwanja wa mashimo tisa ulio kando ya bahari hapa kisiwani Mombasa. Mwakani, mwezi wa Juni, mimi na binamu yangu anayeishi Nairobi tunakusudia kwenda St Andrews. Binamu anashikilia kwamba mtu aliyezoea kucheza kando ya bahari hana la kujifunza huko, kwa kuwa upepo ni upepo popote uvumapo. Je, uwanja wetu nao si linksi? Na kama sivyo, tubadilishe nini katika mchezo wetu? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na uwanja wenu. Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, ina uwanja uliokaa ukingoni kabisa mwa bahari, na pepo zinazovuma pale, kaskazi kwa msimu wake na kusi kwa msimu wake, zimekwisha kukufundisha mambo ambayo mchezaji wa bara huyapata kwa shida. Hata hivyo, uwanja ule umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na kuwa karibu na bahari hakutoshi kuufanya uwanja kuwa linksi. Sharti la kwanza ni udongo. Katika pwani za Uskoti, baada ya barafu ya zama za kale kuyeyuka, nchi kavu iliinuka taratibu na bahari ikarudi nyuma, ikaacha mchanga mwingi ambao upepo uliurundika ukawa matuta na mabonde. Ardhi hiyo haikufaa kwa kilimo, kwa hiyo ikaachiwa kondoo, sungura, na watu wa mji waliotafuta mahali pa kucheza. Mvua ikinyesha, mchanga huyanywa maji mara moja, na majani yanayoweza kuishi hapo ni membamba, ya jamii ya feskyu na benti, ambayo hukua polepole na kushikilia ardhi ngumu. Mpira ukianguka juu yake hudunda na kukimbia, na mahali utakapokoma huamuliwa na vilima vidogo na mabonde madogo ambayo hakuna mchoraji wa viwanja aliyeyachora.

Hilo ndilo jambo ambalo binamu yako hajalizingatia, na yeye ndiye atakayelihitaji kuliko wewe. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali, na majani ya kikuyu yaliyojaa katika viwanja vya nyanda za juu ni manene, hushika mpira mara uangukapo. Mchezaji aliyelelewa katika mazingira hayo hujifunza kuupeleka mpira juu sana na kuuangusha karibu na bendera, akiwa na hakika kwamba utatulia. St Andrews iko usawa wa bahari, na hewa yake ni baridi na nzito. Fimbo ya chuma namba 8 iliyomfikisha kwao kwenye grini, yaani eneo la majani mafupi lenye shimo na bendera, itamwacha njiani huko upepo ukiwa usoni, na upepo ukiwa mgongoni mpira huohuo utagonga katikati ya grini, udunde na kupita upande wa pili. Hivyo basi shauri langu kwenu nyote wawili ni moja: jifunzeni kucheza chini. Mnapochagua fimbo, msijiulize tu mpira utaruka umbali gani; jiulizeni kwanza utaanguka wapi na utakimbiaje baada ya kuanguka. Mara nyingi mahali panapofaa pa kuangukia ni hatua ishirini au zaidi kabla ya grini, na kwa mtu aliyezoea kulenga bendera moja kwa moja, kulenga eneo tupu lisilo na alama yoyote kunahitaji imani.

Mkwaju wa chini wenyewe si mgumu, ila unahitaji subira. Chukua fimbo yenye nguvu kuliko ile ambayo ungeitumia siku tulivu, shika chini kidogo ya kawaida, weka mpira nyuma kidogo ya katikati ya miguu, mikono iwe mbele ya mpira, kisha piga kwa robo tatu ya mwendo wako na umalizie mikono ikiwa chini. Kosa la wengi, na nimeliona kwa wachezaji wazuri sana, ni kupiga kwa nguvu zaidi pale upepo unapowakabili. Kadiri unavyopiga kwa nguvu ndivyo unavyouongezea mpira mzunguko wa kurudi nyuma, na mzunguko huo ukikutana na upepo wa mbele huuinua mpira juu mpaka unakosa mwendo na kuanguka karibu. Anayepiga kwa utulivu ndiye anayefika. Waingereza na Waskoti walilijua tatizo hili kiasi kwamba kwa miaka mingi walitumia mpira wenye kipenyo cha inchi 1.62, mdogo kuliko wa Marekani wa inchi 1.68, kwa kuwa ulipasua upepo vizuri zaidi. Mpira huo mdogo uliondolewa katika The Open, mashindano makuu ya gofu ya Uingereza, mwaka 1974, na mwaka 1990 ukaondolewa kabisa katika sheria za mchezo.

Karibu na grini, iacheni fimbo ya kupigia juu kadiri mnavyoweza. Kwa kuwa majani ni mafupi na ardhi ni ngumu, inawezekana kabisa kuusukuma mpira kwa fimbo ya grini ukiwa hatua kumi au ishirini nje ya grini, ukapanda kilima, ukashuka bonde na kukaribia shimo. Fanyeni mazoezi ya misukumo mirefu mno kabla ya kusafiri, mirefu kiasi cha kuonekana kichekesho mbele ya wenzenu wa klabuni. Old Course ina grini saba za pamoja, kila moja ikihudumia mashimo mawili, na ni mashimo manne tu, la 1, la 9, la 17 na la 18, yenye grini zao pekee. Namba za mashimo yanayoshiriki grini moja zikijumlishwa hutoa 18 daima: la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kadhalika. Bendera za mashimo ya kwenda ni nyeupe na za mashimo ya kurudi ni nyekundu, nanyi hamna budi kulikumbuka hilo mapema, maana mtu akielekea bendera isiyo yake anaweza kujikuta ana msukumo wa hatua hamsini.

Neno la mwisho kwenu ni kuhusu kedi. Pengine mmezoea kumchukua kedi ili akubebee mkoba. Huko mchukueni kwa ajili ya macho yake. Uwanja wa Old Course unaonekana tambarare na wazi ukiwa umesimama kwenye tii ya kwanza, yaani mahali pa kuanzia shimo la kwanza, na mabanka mengi, yaani mitego ya mchanga, hayaonekani kabisa kutoka pale unapopigia, kwa sababu katika enzi za mwanzo uwanja ulichezwa kwa kuzunguka upande uliokuwa kinyume na wa leo, na baadhi ya mabanka yanatazama upande huo. Kedi akikuambia ulenge paa la jengo fulani au kichaka fulani cha miiba ambacho hakionekani kuhusiana na shimo lako, lenga hapohapo.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi na wenzangu watatu tunacheza gofu hapa Dar es Salaam, na mmoja wetu amesema tusijisumbue kuomba St Andrews kwa kuwa uwanja ule ni mali ya klabu ya watu wakubwa na mgeni haingii bila kualikwa na mwanachama. Kuna ukweli wowote? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hakuna. Mwenzenu amechanganya mambo mawili. Jengo la mawe linaloonekana katika picha, lililo nyuma ya tii ya kwanza, ni la klabu ya Royal and Ancient, ambayo ilianza mwaka 1754 kama jumuiya ya wachezaji wa mji huo na ikapewa jina la kifalme mwaka 1834. Klabu hiyo kweli ni ya wanachama. Lakini uwanja si wake. Haki ya wakazi wa St Andrews kuitumia ardhi ile kwa michezo iliandikwa katika hati ya Askofu Mkuu John Hamilton mwaka 1552, na leo viwanja vyote saba vya mji huo husimamiwa na St Andrews Links Trust, chombo kilichoundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1974. Ni ardhi ya umma. Napenda hili lifahamike vizuri, kwa sababu viwanja vingi vya gofu katika nchi zetu vilianzishwa na wakoloni kwa ajili yao wenyewe, na wengi wetu tumekua tukiamini kwamba gofu kwa asili yake ni mchezo wa nyuma ya ua na lango lenye mlinzi. Mahali ambapo mchezo huu umechezwa tangu karne ya 15, uwanja wake mkuu hauna ua, na barabara ya watu wote inakatiza kati ya shimo la kwanza na la kumi na nane.

Kwa watu wanne kama ninyi, njia ya kawaida ni kura ya kila siku. Mnaandikisha majina yenu kabla ya saa nane mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza, na matokeo hutolewa alasiri ileile. Anayetaka kucheza Alhamisi ataandikisha Jumanne. Kundi huwa la watu wawili hadi wanne. Anayesafiri peke yake ana kura yake tofauti, ambayo huandikishwa akiwa mjini hapo siku moja kabla. Kila mmoja wenu awe na cheti cha handikapu, yaani kipimo cha uwezo wake wa kucheza, kutoka klabu yake, kwa kuwa bila hicho hamtaruhusiwa kuanza. Watanzania pia mnahitaji viza ya Uingereza, nayo iombwe mapema. Kwa kuwa kura ni kura, msipange safari ya usiku mmoja; pangeni siku kadhaa, na siku ambazo hamkubahatika mcheze New Course, uliofunguliwa mwaka 1895, au Jubilee, wa mwaka 1897. Vyote viwili viko juu ya mchanga uleule na upepo uleule, na wapo wachezaji wanaoona New Course kuwa kipimo cha haki zaidi kuliko jirani yake mkongwe. Nami nakubaliana nao.

Kuhusu usafiri: hakuna reli mjini St Andrews tangu mwaka 1969. Mtashuka treni katika kituo cha Leuchars, kisha mtachukua basi au teksi. Chukueni makoti ya mvua ya kweli hata kama ni Juni. Ukungu mzito hutoka Bahari ya Kaskazini bila taarifa, na asubuhi ya jua inaweza kugeuka baridi kali kabla hamjafika shimo la tano. Juni ina fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba jua huzama karibu saa nne usiku, hivyo hata anayeanza alasiri ana muda wa kumaliza.

SWALI: Mwalimu, naogopa mabanka. Katika picha za St Andrews naona mashimo ya mchanga yenye kuta zilizosimama kama kisima. Mchezaji wa handikapu 22 kama mimi atatokaje humo? — Msomaji, Arusha

JIBU: Uoga wako una msingi, dada, na sitakupunguzia kwa maneno matamu. Mabanka ya linksi ni madogo na yenye kina, na kuta zake hujengwa kwa tabaka za majani yaliyokatwa pamoja na udongo wake na kupangwa kama matofali. Inasimuliwa kwamba asili yake ni mabonde ambayo kondoo walijikunyata humo kukwepa upepo mpaka majani yakaisha na mchanga ukabaki. Old Course ina mabanka 112, na mengi yana majina, likiwemo lile kubwa la shimo la 14 linaloitwa Hell, yaani Jehanamu.

Tofauti yake na mabanka uliyoyazoea ni kwamba humo huwezi kuchukulia kuwa mbele ndiko njia. Mpira ukiwa karibu na ukuta, mkwaju bora ni wa pembeni, na wakati mwingine ni wa kurudi nyuma kabisa, kuelekea ulikotoka. Hili huwauma wachezaji wa kiwango chetu, kwa sababu tunahisi tunapoteza mkwaju mmoja. Tunapoteza mmoja, ni kweli, lakini anayekaza kwenda mbele hupoteza mitatu au minne. Bobby Jones wa Marekani, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote katika historia, alikuja St Andrews mwaka 1921 akiwa kijana mwenye hasira. Katika raundi ya tatu ya The Open akaingia banka kwenye shimo la 11, akashindwa kutoka, akakata tamaa na kujiondoa katika shindano. Alirudi mwaka 1927 akashinda The Open palepale, na mwaka 1958 mji ukampa heshima ya uraia wake, Mmarekani wa kwanza kuipata tangu Benjamin Franklin. Mwaka 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikuwa tayari juu ya grini ya shimo la 17 kwa mikwaju miwili, akausukuma mpira kuelekea bendera, ukateremka kwenye banka la ukingoni, naye akahitaji mikwaju minne kutoka humo na kumaliza shimo kwa mikwaju tisa. Ikiwa bingwa anaweza kuangukia humo kwa fimbo ya grini, wewe na mimi tuipitie grini ile kwa mbali, upande wa kulia, na kuridhika na mikwaju mitano.

Ujue pia msaada unaopewa na sheria. Ukiona mpira hauchezeki, unaweza kwa mkwaju mmoja wa adhabu kurudi ulikopigia mwanzo, au kuudondosha mpira ndani ya banka hilohilo mahali pengine panaporuhusiwa. Tangu mwaka 2019 ipo njia ya ziada: kwa mikwaju miwili ya adhabu unaweza kuudondosha nje ya banka, nyuma yake, kwenye mstari unaotoka kwenye shimo na kupita pale mpira ulipolala. Kwa handikapu yako, njia hii itakuokoa mara nyingi, na hakuna aibu yoyote kuitumia.

Hata hivyo, kinga inashinda tiba. Mwaka 2000 Tiger Woods alishinda The Open katika uwanja huo kwa tofauti ya mikwaju minane, na katika mashimo yote 72 mpira wake haukuingia banka hata mara moja. Pamoja na nguvu zake zote, alipanga kila mkwaju kwa kuangalia mabanka yako wapi. Mengi yako upande wa kulia unapokwenda, hivyo kwenye mashimo ya mwanzo anayelenga kushoto huwa na amani zaidi, ingawa huachiwa mkwaju wa pili ulio mgumu kidogo. Kwa mchezaji wa handikapu 22 hiyo ni biashara nzuri.

SWALI: Mume wangu anakwenda St Andrews kucheza, nami nitamsindikiza. Mimi sichezi. Je, nitaweza angalau kuuona uwanja huo kwa karibu, au nitakaa hotelini? — Msomaji, Kisumu

JIBU: Jumapili, dada. Isipokuwa siku za mashindano makubwa machache, Old Course hufungwa siku hiyo ili ardhi ipumzike, na watu wa mji hutembea humo na watoto na mbwa wao. Utatembea feawei zote, yaani njia za majani zinazoelekea kwenye grini, utavuka daraja dogo la mawe la Swilcan kwenye shimo la 18, na utaweza kusimama ukingoni mwa mabanka na kuona kina chake. Angalia tu usikanyage grini ovyo. Siku za kawaida pia unaruhusiwa kutembea na mumeo anapocheza, mradi ukae kimya na nyuma ya anayepiga. Magari madogo ya kubebea wachezaji hayatumiki pale ila kwa wenye sababu za kiafya, kwa hiyo vaa viatu vizuri.

SWALI: Tukiwa kwenye uwanja wa ufukweni, mpira wangu ulikuwa umetulia juu ya grini. Kabla sijausukuma, upepo ukaupeperusha ukasogea karibu hatua tatu na kulikaribia shimo. Mwenzangu akadai niurudishe, mimi nikakataa, na tangu siku hiyo hatujapatana. Nani ana haki? — Msomaji, Muscat

JIBU: Inategemea jambo moja ambalo hukulitaja: je, ulikuwa umekwisha kuweka alama, kuunyanyua mpira na kuurudisha mahali pake? Kama mpira ulikuwa haujanyanyuliwa tangu ufike kwenye grini na upepo ukausogeza, sheria inasema uuchezee pale ulipokwenda kutulia, bila adhabu, hata kama umesogea karibu na shimo. Na kwa haki hiyohiyo, ungekuwa umepeperushwa mpaka ndani ya banka, ungeuchezea bankani. Lakini kama ulikuwa umekwisha kuunyanyua na kuurudisha, mpira huo una mahali pake, na upepo ukiusogeza ni lazima uurudishe pale ulipokuwa, bila adhabu vilevile. Kanuni hii ya pili ilianza mwaka 2019, kwa hiyo ikiwa mwenzako au wewe mlijifunza sheria kabla ya hapo, mnaweza kuwa mnabishana juu ya toleo mbili tofauti za kitabu kimoja.

Kwenye viwanja vya linksi jambo hili hutokea mara nyingi, na mchezaji mwangalifu hulitumia. Siku ya upepo mkali, mara ufikapo kwenye grini, weka alama nyuma ya mpira wako, unyanyue na uurudishe palepale, hata kama hauhitaji kusafishwa. Kuanzia hapo upepo hauwezi kukunyang'anya mahali ulipopapata. Isipokuwa, bila shaka, ukiona upepo unavuma kuelekea shimoni. Hapo sheria haikulazimishi kuunyanyua, ila pia hairuhusu kuchelewesha mchezo ukingoja mpira usogee.

Kuhusu ugomvi wenu, mpelekee mwenzako jibu hili mkiwa wawili, si mbele ya klabu nzima.